Mkate Nyuma ya Mgomba

Hebu mwone kwanza anavyofika.

Mwone mwanamke mrefu, gauni linamning'inia kama lililoanikwa kwenye kamba, akipanda njia ya Uru kutoka pale pikapu inapowateremsha watu. Ni mwanzo wa Desemba, mwaka tisini na nane. Mvua imeshalowesha udongo mwekundu, nao unaganda chini ya viatu na kuvifanya vizito. Mkono mmoja una begi la nguo, mkono wa pili una mfuko wa rambo uliojaa mikate. Anatembea kidogo, anasimama. Akifika kwenye mfereji anaweka mizigo chini na kuinama kama mtu anayefunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba. Anapumzika kwa kuiba. Mtu wa miaka thelathini na sita hapumziki katika kilima ambacho vikongwe wanakipanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

Na kweli, mmoja wa hao vikongwe akamkuta hapohapo.

"Mama Violet! Ni wewe huyo au ni macho yangu?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mae! Huko mjini siku hizi hamli?"

"Tunakula, mama. Ni mwili tu."

"Mwili tu," akarudia Mama Sylvanus. Alikuwa jirani wa wakwe zake, shamba kwa shamba, mwanamke mwema anayejua habari ya kila nyumba kabla wenye nyumba hawajaijua. Alimtazama Flavia, ndiye huyu Mama Violet, kuanzia kisigino mpaka mfupa wa bega, kisha akanyoosha mkono kumpokea begi. Mkono ukafika nusu ya safari, ukasita, ukageuka kwenda kushika ule mzigo wa majani, ambao wala haukuwa unaanguka. "Haya, tangulia mwanangu, mimi natembea polepole. Mwambie Mektrida mkweo nitapita."

Flavia akasema ahsante. Aliuona ule mkono. Kwa mwaka mzima alikuwa ameona mikono mingi ya namna ile.

Flavia alikuwa akifanya kazi katika tanuri la mikate pale Soweto, Moshi mjini. Wenye umri wanakumbuka kwamba kuna miaka mkate ulikuwa kitu cha foleni. Ukiupata unauficha ndani ya kanga usiulizwe umeupata wapi. Miaka hiyo Flavia alikuwa msichana wa mgombani, akila ndizi asubuhi, ndizi mchana, na usiku ndizi tena, na alikuwa na nguvu za kumbeba ndama. Kisha mambo yakafunguliwa, ngano ikajaa madukani, matajiri wadogo wakajenga matanuri, na Flavia akapata kazi ya kukanda unga. Kila mfanyakazi alipewa mkate wa kwenda nao nyumbani. Asubuhi chai na skonzi, mchana mkate uliovunjika, jioni mkate tena. Watu walimwonea wivu.

Sijui ni mwaka gani hasa tumbo lilianza. Mwenyewe hajui. Ni kama kuchakaa kwa kitenge, huwezi kutaja siku. Lilijaa gesi kama ngoma, likaharisha, likanyamaza, likaharisha tena. Vidonda vikaota mdomoni. Miguu ikawa inaungua usiku kama imekanyaga majivu. Lakini kilichomchosha kuliko vyote ni uchovu wenyewe, ule wa kuamka asubuhi umechoka kuliko ulivyolala. Walimtibu taifodi. Wakamtibu amiba, minyoo, malaria, wakamtibu taifodi mara ya pili. Walimpiga picha ya kifua wakitafuta kifua kikuu. Kila dawa ilimpa siku chache za matumaini, kisha hali ikarudi ilipokuwa.

Na mwanamke aliyekonda, anayeharisha, wa mjini, katika miaka ile, watu hawakusubiri daktari amtajie ugonjwa. Walishautaja wenyewe, tena bila kufungua mdomo. Kwenye jumuiya ya kanisa, siku ya kusali kwa akina mama, kikombe chake kilianza kuwekwa peke yake, kile cha plastiki cha kijani. Wateja wakamuuliza tajiri wa tanuri kama yule dada ndiye anayekanda. Tajiri akamwita, akamwambia kwa upole apumzike mpaka atakapopata nafuu. Mumewe Melkior, fundi seremala, alikuwa mtu wa maneno machache, na siku zile akawa na machache zaidi. Hakumtuhumu. Lakini kaka zake walimtuhumu kwa niaba yake.

Flavia alikuwa amepimwa damu, si mara moja. Kila mara ilionekana safi. Lakini karatasi ya kusema huna kitu si kitu cha kumwonyesha mtu. Ukiitoa mfukoni kabla hujaulizwa, ndiyo kwanza umekiri. Yeye alitaka jina. Liwe baya, liwe la kizungu, ilimradi liwe jina la ugonjwa wake halisi, alitamke mbele ya jumuiya na kile kikombe cha kijani kirudi kabatini.

Basi mwezi wa Novemba ndipo akakutana na Dokta Elisaria, daktari kijana katika hospitali kubwa, mzaliwa wa Old Moshi aliyesoma nje akarudi. Huyu hakuanza na tumbo. Alianza na kazi.

"Unakula nini, mama?"

"Mkate, daktari. Nakanda mikate."

"Na ulipojifungua watoto wako, afya yako ilikuwaje?"

Flavia akacheka kidogo, cheko la kwanza kwa wiki nyingi. "Nilinenepa, daktari. Nilikuwa nikijifungulia kwa mama mkwe."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamweleza kwamba wapo watu ambao utumbo wao unagombana na ngano. Wakila mkate ni kama wamekula msasa. Ugonjwa unaitwa siliaki. Huku kwetu hakuna anayeutafuta, kwa hiyo hakuna anayeuona. Mwishoni mwa Januari atakuja mtaalamu mgeni na vifaa vyake, ataingiza mpira mwembamba mdomoni mpaka tumboni, akate kinyama kidogo cha utumbo, wakakitazame.

"Kwa hiyo nikaache mkate?" akauliza Flavia.

"Hapana! Hapo ndipo pagumu. Uendelee kuula, vipande vinono, asubuhi na jioni, mpaka siku ya mpira."

"Hata kama unaniua?"

"Sikiliza, mama. Mwizi tunamtaka akiwa ndani ya nyumba. Ukimfukuza kabla polisi hawajafika, watakuta nyumba imefagiliwa, watasema hapa hapakuwa na mwizi. Utabaki wewe na maneno yako, na hakuna wa kukuamini."

Kutokuaminiwa Flavia alikujua vizuri. Akasema atakula.

Na kwa kuwa kazi hakuna, na nyumbani Soweto kupanda tu kitandani kulikuwa safari, Melkior akamwambia atangulie mlimani kwa mama. Yeye na watoto wangefuata Krismasi, kama ilivyo desturi ya Mchaga yeyote mwenye kwao. Ndiyo maana umemwona pale kwenye mfereji na ule mfuko wa mikate.

Mama mkwe wake, Mektrida, alikuwa mjane mfupi mwenye kifua kipana na sauti ya kuita ng'ombe. Alimpokea mlangoni, akamshika mabega, akayabonyeza kwa vidole gumba.

"Yesu na Maria," akasema. "Melkior amenipa mke nikamrudishia mke. Huu wamenirudishia mti wa kuanikia nguo."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia. Usiongee, utamaliza nguvu."

Sasa, anayerudi mlimani Desemba analeta mkate wa mjini. Hiyo ni kama sheria. Watoto wa shamba jirani walishaona mfuko wa rambo, wakaja kusimama uani wakijifanya wanatafuta mbuzi. Flavia akatoa mkate mmoja. Mmoja! Mektrida akautazama mfuko uliobaki umevimba. Flavia akaubeba mfuko mpaka chumbani na kuusukuma uvunguni mwa kitanda, uso ukimwaka kwa aibu. Alitaka kueleza. Lakini aanzie wapi kumwambia mwanamke wa ndizi kwamba daktari ameagiza mgonjwa ale kinachomuumiza? Akasema moyoni, nitamweleza kesho. Uchovu una kesho nyingi.

Kesho yake Mektrida alikuwa na mpango wake tayari.

"Nimelala nikiwaza," akasema, akiwa amebeba chungu. "Ulipomzaa Violet ulikuja hapa mwembamba, ukaondoka gauni haliingii. Ulipomzaa Jacob, hivyohivyo. Kila ukizaa unapona. Sasa sikuambii uzae. Lakini nitakuuguza kama mzazi. Utalala ndani, hutagusa jembe, hutagusa maji baridi. Mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mtori jioni. Mlaso wa damu na mafuta nitaupata kwa Kornel, anachinja Jumamosi."

"Mama, mzazi bila mtoto?"

"Mtoto ni wewe. Kunywa."

Habari zikaenda. Mlimani habari haipandi gari, inavuka uzio. Jumamosi ile, Mektrida alipoonekana akitoka kwa Kornel na damu ya mbuzi na mafuta, majirani wakajua hiyo ni safari ya nyumba yenye mzazi. Jumapili baada ya misa wakaja kama desturi inavyotaka, huyu na kibuyu cha maziwa, huyu na ndizi za mshale, na Mama Sylvanus na kuku kwapani. Wakaketi. Wakatazama kitandani, wakatazama pembeni ya kitanda.

"Hongera," akasema Mama Sylvanus, shingo ikizunguka. "Na... mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe nani?" akauliza Mektrida.

"Mtoto."

"Umesalimiana naye sasa hivi. Huyo amelala na kanga ya bluu."

Kisha mama mmoja nyuma akaguna, mwingine akashindwa kujizuia, na chumba kizima kikaangua kicheko, Flavia mwenyewe akicheka mpaka mbavu, ambazo zilionekana zote, zikauma. "Mektrida weee! Kuku wangu nimemleta kwa mtoto wa miaka arobaini!"

"Thelathini na sita," akasema Flavia.

"Ndiyo maana hajaota meno ya kutafunia," akajibu Mektrida. "Kuku hatoki hapa. Leteni mbege."

Mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, ikaletwa katika kata moja. Mektrida akaonja kama mwenye nyumba, akampa Flavia, Flavia akanywa kidogo. Ilipofika zamu ya kupokezana, mikono ya wageni ikapata kazi nyingine. Huyu anajifunga kitambaa, huyu anamfukuza nzi. Mektrida akaichukua ile kata kutoka mikononi mwa mkwewe, akaigeuza taratibu mpaka mdomo wake ukapata palepale Flavia alipoweka wake, akanywa mpaka chini, akajifuta. Akajaza nyingine akampa Mama Sylvanus, akimtazama, na Mama Sylvanus akanywa.

Usiku Flavia alilia kidogo kwa ajili ya ile kata. Na bado asubuhi akaenda kula mkate.

Alikuwa akisema anakwenda msalani, kisha anapitiliza mpaka chini ya shamba, kwenye mgomba mnene uliolala juu ya mfereji. Hapo anachutama, anatoa kipande kutoka ndani ya blauzi, anakila haraka kama mtoto aliyeiba sukari. Kila wiki dereva wa pikapu alimletea mfuko mpya kutoka kwa Kindness, msichana wa tanurini, wenye salamu za utani: *Da Flavia, mlima mzima unakula mkate wako?* Hakuwa na hamu nao. Ulimkwama kooni. Alikuwa akiutafuna huku akijisemea lile jina, siliaki, siliaki, kama mtu anayesali rozari bila kujua anamwomba nani. Ndani alikuwa anakula mtori wa mama mkwe, nje anakula mkate wa daktari, na usiku vyote viwili vilikuwa vinagombana tumboni mwake, naye anatoka nje na kanga mabegani, mvua inanyesha, anashikilia ukuta.

Mektrida alikuwa anamsikia. Alikuwa anahesabu mitori yake na kutazama yale mabega, na mabega hayakuwa yanajaa. Kitu hicho hakijawahi kumtokea. Ameuguza wazazi wa ukoo mzima na hakuna aliyetoka chumbani mwake na mifupa. Akaanza kuonja chungu mara mbili mbili. Akamgombeza Kornel kwamba mafuta yake ni ya mbuzi mgonjwa. Usiku mmoja Flavia alimsikia akisali kwa sauti ndogo, akimuuliza Mungu kama mkono wake umezeeka.

Kisha siku moja akamfuata ng'ombe aliyekata kamba, akamkuta mkwewe amechutama nyuma ya mgomba, shavu limejaa.

Wakatazamana. Flavia hakuweza kutema wala kumeza.

"Kumbe," akasema Mektrida taratibu. "Mtori wangu unanuka."

"Mama, hapana..."

"Ungeniambia tu. Mimi si mtoto. Mkate wa mjini mtamu, umeuficha hata kwa watoto wa watu. Sawa. Mimi nachemsha, wewe unakuja kusafisha mdomo huku."

Akamshika ng'ombe pembe, akaondoka naye. Siku ile chakula kiliwekwa mezani bila neno. Flavia alijaribu kueleza habari ya daktari, mwizi na polisi. Mektrida akasikiliza akiwa amempa mgongo, akichambua maharage.

"Daktari gani anamlisha mgonjwa sumu ili aone atakavyokufa?" akauliza, na hakungoja jibu.

Siku tatu nyumba ikawa baridi. Kwa Mchaga dawa ya baridi ile ipo, nayo imeota kwenye kila mpaka wa shamba. Siku ya nne alfajiri Flavia akaenda kwenye uzio, akakata jani la isale, akalifunga fundo kama alivyomwona baba yake akifanya zamani, akaingia jikoni, akapiga magoti na kulinyoosha kwa mikono miwili.

Wewe uliyelelewa huko unajua. Jani la isale likiletwa hulikatai. Watu wamesameheana damu kwa jani lile.

Mektrida akaangalia jani, akaangalia magoti yenye mifupa juu ya sakafu ya udongo. Akalipokea. Akalia sasa, yule mwanamke wa sauti ya kuita ng'ombe, akalia bila sauti.

"Nimesamehe," akasema. "Sasa na mimi nakuomba kwa jani hilihili. Mkate huo usiule tena. Mbele yangu wala nyuma ya mgomba. Siwezi kukupika mchana na kukusikia ukifa usiku."

Flavia akafungua mdomo. Akawaza mtaalamu na mpira wake, akawaza kikombe cha kijani. Lakini jani lilikuwa mikononi mwa mama mkwe, na yeye mwenyewe ndiye aliyelileta. Huwezi kuomba kwa isale halafu ukalikatalia likikugeukia. Na ukweli wote tuuseme: alikuwa amechoka. Nafsi iliyochoka ikiombwa iweke mzigo chini, haiulizi mara mbili.

"Sawa, mama," akasema.

Mikate ikaenda kwa kuku.

Melkior alipofika na watoto mkesha wa Krismasi, mkewe alikuja kumpokea mpaka kwenye mfereji. Alishuka na kupanda tena bila kuinama kufunga kamba zisizokuwapo. Njiani Melkior alimshika mkono, jambo ambalo wanaume wa Uru hawalifanyi barabarani. Tumbo lilikuwa limenyamaza. Vidonda vya mdomoni vilikauka. Kufikia katikati ya Januari alikuwa anakata majani ya ng'ombe, na uchovu ulikuwa ule wa kawaida, wa mtu aliyefanya kazi, ule unaolala nao ukaamka haupo. Mama Sylvanus akapita, akamtazama kisigino mpaka bega.

"Amenenepa," akamwambia Mektrida pembeni, lakini si pembeni sana. "Siku hizi wanasema kuna vidonge vya kunenepesha. Havitibu, vinaficha tu."

Flavia akalisikia. Likamshukia kama maji ya mfereji asubuhi. Kumbe hata kupona kwake hakukuwa kwake.

Siku ya mpira ikafika. Mektrida akasema hawezi kumwacha mtoto wake wa kanga ya bluu aende peke yake. Akavaa kitenge chake cha kanisani, akabeba chupa ya mtori, wakashuka wote. Kindness alikuwa amepita stendi kuwaona, akamsukumia Flavia mkate wa moto kwapani. "Wa bahati, dada! Umenawiri, mpaka naona wivu."

Hospitalini, Dokta Elisaria alimtazama mgonjwa wake akakunja uso. Daktari mwingine angefurahi.

"Mama, unakula mkate?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa jepesi. Lakini alikuwa amekuja kutafuta ukweli, na angeuanzaje kwa uongo?

"Niliacha, daktari. Kabla ya Krismasi."

Daktari akavua miwani na kusugua macho. Naye alikuwa na uchovu wake. Kabla hajasema, Mektrida akasimama, akatumbukiza mkono ndani ya kitenge, akatoa jani la isale lililofungwa fundo, likiwa limenyauka kidogo kwa safari, akaliweka juu ya meza katikati ya makaratasi.

"Kosa ni langu," akasema. "Mimi ndiye niliyemkataza."

Dokta Elisaria alilitazama lile jani. Alisoma nje, ndiyo, lakini alizaliwa Old Moshi. Akasimama, akalipokea kwa mikono miwili, akaketi.

"Nimesamehe, mama. Nani anaweza kulikataa? Lakini utumbo haujui isale." Akageuka kwa Flavia. "Naweza kukuingiza mpira leo. Kikionekana kitu, vizuri. Kisipoonekana, sitajua kama huna ugonjwa au kama mtori wa mama umeshaufagia. Na mtaalamu ana nafasi chache. Atarudi baada ya Pasaka. Ukitaka jibu la uhakika, rudia mkate tangu leo, mpaka wakati huo."

"Na nisipotaka?"

"Usile ngano tena maisha yako. Kwa ninavyokuona, nadhani utaishi vizuri. Lakini nadhani tu. Siwezi kukuandikia jina kwa kudhani."

Wakatoka, wakakaa kwenye benchi la korido, kati ya watu waliokuwa wakisubiri yao. Flavia alihesabu moyoni: Kwaresima yote. Miezi ya kushikilia ukuta usiku. Na baada ya hapo, jina, kama lipo. La kulitamka mbele ya jumuiya. Au hakuna, na amejiua bure.

"Nimekuharibia," akasema Mektrida.

"Hujaniharibia, mama. Umenipa mwezi mzima wa kuwa mtu."

Mektrida akafungua chupa, akamimina mtori kwenye kifuniko, akanywa kidogo kuonja moto, akampa. Flavia akakishika kifuniko kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa juu ya mkate wa Kindness, bado una joto ndani ya karatasi yake, na harufu yake, Mungu amsamehe, ilikuwa nzuri.

"Sikiliza, Mama Violet," akasema mama mkwe, macho yake mbele, ukutani. "Lile jani nimekurudishia, ahadi uliyonipa imekwisha. Ukila mkate, utaulia kwangu, mezani, kwenye sahani, na usiku nitatoka nawe kushika taa. Usipoula, nitachemsha ndizi mpaka nife, na watu waseme wanavyosema. Kata nitaendelea kunywa mimi. Lakini mimi sisemi tena. Tumbo ni lako, na jina ni lako."

Nesi aliita jina la mtu mwingine, mtu huyo akainuka, benchi likayumba. Mtori ulikuwa unapoa katika mkono huu, mkate unapoa katika mkono ule.

Basi wewe uliyemsindikiza tangu kule kwenye mfereji, na umeuona ule mkono wa Mama Sylvanus ukirudi nyuma: ungekuwa ni wewe umekaa pale, ungeufungua ule mkate, au ungewapelekea kuku?